Naomba ushauri: Zuhura au Zahra?

Habari zenu wapendwa. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minane, mtoto ni wa kike, na jina bado linatusumbua.

Mimi nataka Zuhura. Ni jina lenye asili ya Kiarabu, na ndilo jina la sayari ya pili kutoka kwenye jua, ile inayong'aa magharibi jua likishazama, au mashariki alfajiri. Juzi jioni nilimwonyesha mke wangu: nyota nyingine hazijatokea, yenyewe imeshawaka. Akanyamaza, akashika tumbo.

Mama mkwe anataka Zahra, kwa heshima ya Bibi Fatuma binti Mtume, aliyeitwa az-Zahra, yaani mng'avu. Anasema ni jina lilelile. Kwa kweli mzizi ni mmoja, z-h-r, wenye maana ya kung'aa na kuchanua, ila majina ni mawili.

Sitaki kumvunja moyo mama, maana ametulea kama wanawe. Mliopitia haya, mlizungumzaje na wakwe? Je, Zuhura kwenye cheti na Zahra nyumbani, haitamchanganya mtoto? Nisaidieni, siku zimekaribia.