Kiolezo cha goti la mtu mmoja: nani akipime, na akipime vipi?

Fundi Vifaa Tiba

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linazuka kazini kwetu kila mwakilishi wa kampuni anapofungua begi lake la sampuli. Nimechoka kubishana nalo kwenye korido, nalileta hapa.

Mgonjwa anayebadilishwa goti anapigwa MRI au CT. Picha zinakwenda kampuni, programu inaunda umbo la mifupa yake, fundi wa huko anapanga pa kukata, daktari anaupitisha mpango, kisha printa inatoa kiolezo cha nailoni cha kukalia mfupa wa paja na kingine cha muundi. Siku ya upasuaji msumeno unafuata mwanya wa kiolezo. Seremala yeyote ataelewa, ila kiolezo hiki kinakaa kwenye goti moja tu duniani, na jioni yake kinatupwa.

Sasa kitu kama hicho utakijaribuje? Dawa unaijaribu kwa watu elfu. Hiki mtu wake ni mmoja, na ukishakitumia umemaliza.

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Kampuni ya OtisMed ya California iliuza violezo vya OtisKnee zaidi ya 18,000 kuanzia Mei 2006 hadi Septemba 2009, na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, haikuwa imetoa kibali. Maombi yenyewe yalipelekwa Oktoba 2008, violezo vikiwa tayari vinakata mifupa ya watu. Mwanzoni mwa Septemba 2009 FDA ikakataa: kampuni haikuonyesha kwamba kifaa chake ni salama na kinafanya kazi kama vile vilivyokwisha kuruhusiwa. Siku chache baadaye mkurugenzi wake akaamuru vingine 218 visafirishwe. Mwezi Novemba kampuni ikanunuliwa na Stryker, kampuni kubwa ya vifaa tiba. Desemba 2014 OtisMed ikakiri kosa, malipo yote yakapita dola milioni 80, na mkurugenzi yule mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Msimamo wangu ni huu. Tunauliza "kina kibali?" wakati tungeuliza "kibali kimetolewa kwa kitu gani?" Kipande cha nailoni ni matokeo tu. Kifaa chenyewe ni safari nzima kuanzia picha hadi msumeno, na hiyo ndiyo mamlaka ingepaswa kuipima, hatua kwa hatua. Haya, nichambueni.

Daktari wa Goti na Nyonga

Fundi, nakuheshimu, lakini umetuletea kesi ya jinai ukaiita kesi ya kifaa. Yule mkurugenzi alifungwa kwa kuuza kitu baada ya kuambiwa hapana. Hukumu ile haisemi kiolezo kilikata vibaya.

Mimi nakata magoti. Bila kiolezo natumia fimbo ya chuma inayoingia ndani ya mfupa wa paja, nakadiria pembe, naangalia kwa jicho. Hiyo nayo hukosea, na hakuna aliyeiandikia kurasa mia tano. Nikitumia kiolezo, sikati kabla sijaushika mguu na kuhakiki mhimili wake kutoka nyonga hadi kifundo. Kikikaa upande, nakitupa, nafungua seti ya kawaida. Daktari ndiye kipimo cha mwisho.

Tena nikwambie jambo ambalo wawakilishi hawapendi lisemwe. Tafiti zilizolinganisha violezo hivi na vifaa vya kawaida, kwa ujumla wake, hazijaonyesha mgonjwa akitoka na goti bora zaidi. Kwa hiyo ugomvi wangu nao ni wa gharama. Mkitaka kukaba, kabeni kinachobaki mwilini. Nyonga bandia za chuma kwa chuma aina ya ASR, za kampuni ya DePuy, kama 93,000 duniani, ziliondolewa sokoni Agosti 2010. Kule Marekani zilipita kwa njia ya 510(k), yaani kuonyesha tu kwamba kifaa chako kinafanana na kilichotangulia. Kiolezo kinakaa mwilini dakika chache.

Fundi Vifaa Tiba

Dakika chache, lakini mfupa uliokatwa haurudi, Daktari.

Na fimbo yako ukikosea unajua umekosea wapi, kwa kuwa umeishika mwenyewe. Kosa la kiolezo linaweza kuwa limezaliwa wiki sita nyuma, kwenye chumba ambacho hujawahi kukiona. Mgonjwa alitikisika kidogo ndani ya MRI. Au walitumia CT, ambayo haionyeshi vizuri gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na kiolezo kikachorwa kikae juu ya mfupa mtupu; usipokwangua gegedu lililobaki sawasawa, kinainuka. Au kimefika kizima, sisi tukakiweka kwenye mashine ya mvuke kwa nyuzi 134, na ukingo wake mwembamba ukapinda. Hilo la mwisho linanihusu mimi na wenzangu, wala silikwepi. Mtengenezaji anatakiwa awe amechagua kiolezo chake chembamba kuliko vyote, akakipitisha kwenye mvuke, akakipima kabla na baada. Nikiwauliza wawakilishi matokeo ya kipimo hicho, napewa kalamu na kalenda.

Wakili wa Mwambao

Niingie kidogo, maana kuna mlango wa nyuma hamjautaja: neno "maalumu kwa mgonjwa". Kampuni ilipenda kusema, hiki nimemtengenezea mtu mmoja kwa maagizo ya daktari wake, kwa hiyo sheria ya vifaa vinavyotoka kwa wingi hainihusu.

Marekani msamaha huo upo, lakini tangu 2012 sheria inaufunga kwenye vipande visivyozidi vitano kwa mwaka kwa kila aina ya kifaa. Anayechapa maelfu hawezi kupita hapo. Mwaka 2018 jukwaa la kimataifa la wasimamizi wa vifaa tiba, IMDRF, lilitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kifaa kilichobuniwa upya kwa ajili ya mtu mmoja, na kifaa cha muundo uleule kinacholinganishwa na mwili wa kila mtu ndani ya mipaka iliyowekwa. Violezo vya goti ni aina ya pili. Australia ikaufuata mgawanyo huo kuanzia 25 Februari 2021, Ulaya ikaanza kutumia kanuni zake mpya tarehe 26 Mei mwaka huohuo, na Juni 2023 FDA ikatoa rasimu ya mwongozo wa violezo hivi peke yake.

Kwa hiyo, Fundi, unachokidai kina jina tayari: ile "mipaka iliyowekwa". Kinachopimwa ni mipaka hiyo, goti dogo kabisa na kubwa kabisa, lililopinda kidogo na lililopinda sana. Kiolezo chochote kinachotoka nje ya hapo hakina kibali, hata kama boksi lina muhuri.

Binti wa Kigamboni

Samahanini, mimi si mtaalamu. Mama yangu alibadilishiwa goti India na anatembea vizuri, namshukuru Mungu. Nakumbuka alipigwa picha wakasema zinatumwa. Zilitumwa wapi, hatukuuliza. Daktari, naomba kujua: huyo anayechora mpango ni daktari? Na wewe ukiletewa, unaukagua kwa muda gani?

Daktari wa Goti na Nyonga

Dada, swali zuri, nitakujibu bila kuzunguka. Mara nyingi anayechora ni fundi au mhandisi wa kampuni. Mimi naletewa kwenye skrini: pembe, unene wa kila kipande kitakachokatwa, saizi ya goti bandia. Naweza kubadilisha. Muda? Siku tulivu, nusu saa. Siku ya kliniki iliyofurika, nimewahi kubonyeza "nakubali" nikiwa nimesimama. Sijisifu nalo.

Kijana wa Kodi

Hapo ndipo kwenye ugonjwa. "Daktari ndiye kipimo cha mwisho" imeandikwa kwenye karatasi za kampuni ili lawama ihamie kwako, kaka. Mimi naandika programu, si za hospitali, lakini kazi ni ileile. Kila toleo jipya linabadilisha kitu. Leo kompyuta inachora mpaka wa mfupa yenyewe, jana alichora mtu kwa mkono. Kiolezo kinatoka na jina lilelile, rangi ileile. Nani kaambiwa?

Na mipaka ya Wakili: magoti ya kujaribia programu yalitoka kwa nani? Kama ni wagonjwa wanaofika hospitali mapema, matege ya nyuzi tano au kumi, programu itajuaje goti la bibi aliyekaa nyumbani miaka kumi na tano?

Daktari wa Goti na Nyonga

Hapo umenigusa. Wetu wanakuja wamechelewa, mfupa umelika upande mmoja, umeota vichuguu pembeni. Vile vichuguu ndivyo kiolezo kinapaswa kukalia. Goti la namna hiyo nisingependa kulikata kwa mpango wa programu ambayo haijawahi kuliona.

Bado nashikilia kwamba mzigo wote usiwe wa mamlaka. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ikisubiriwa ipime kila toleo la programu tutakaa miaka. Lakini hospitali inayonunua inaweza kudai.

Fundi Vifaa Tiba

Basi tumekaribiana. Mwakilishi anarudi Alhamisi. Nitamwomba ripoti ya mvuke, namba ya toleo la programu iliyochora sampuli zake, na ukomo wa matege waliyojaribia, kwa nyuzi. Kalenda ninazo za kutosha.

Daktari wa Goti na Nyonga

Muulize pia picha ikishapita miezi mingapi hawaipokei tena. Mimi niko zamu Alhamisi, nipigie akifika, nashuka.