Wauzaji wa kadi za grafiki, acheni kutupa GB 8 kwa bei ya GB 16

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Niliagiza kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 5060 Ti yenye memori ya GB 16. Sikusema "5060 Ti" nikaishia hapo. Niliandika WhatsApp kwa herufi kubwa, GB 16, na muuzaji akajibu: "Ipo boss, milioni moja laki nne na nusu." Nikalipa. Boda akaleta, boksi jipya, nailoni yake haijaguswa. Mbele limeandikwa RTX 5060 Ti kwa maandishi ya kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Memori imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni: 8GB.

Nikampigia palepale kabla boda hajaondoka. Jibu lake nalinukuu: "Kaka, si ndiyo 5060 Ti uliyotaka? Chipu ni ileile, tofauti ni memori tu, hutaiona." Nikamwambia narudisha. "Mali ikitoka dukani hairudi kaka, angalia risiti." Nikaangalia risiti. Imeandikwa "VGA card, 1". Haina jina la kadi, haina GB, haina serial namba. Ukienda nayo popote kudai haki yako, hiyo risiti inaweza kuwa ya kadi yoyote iliyowahi kutengenezwa duniani.

Memori tu! Ngoja niseme kwa wale ambao kesho wataambiwa maneno hayohayo.

Memori ya ndani ya hiyo kadi inasoma data kwa GB 448 kwa sekunde. Gemu likihitaji zaidi ya GB 8, kinachozidi kinahamishiwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila kikihitajika kinapitia kwenye sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa. Sasa 5060 Ti imetengenezwa kutumia leni (njia za data) 8 tu za PCIe, si 16. Kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya yenye PCIe 5.0, leni 8 zinapitisha kama GB 32 kwa sekunde. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, leni hizohizo 8 zinapitisha kama GB 8 tu. Kutoka 448 kwenda 8! Hapo ndipo gemu linapoanza kukwama, linaenda vizuri sekunde kadhaa, linaganda ukigeuza kamera, linaachia, linaganda tena. Ukisoma wastani wa FPS (picha kwa sekunde) unaona namba nzuri tu, lakini mchezo hauchezeki.

Mimi nina prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450. B450 ni PCIe 3.0. Kioo changu ni cha 1440p, chenye pikseli nyingi kuliko 1080p. Nilichagua GB 16 kwa sababu hiyo hasa, wala sikuwa nafuata sifa. Mtu mwenye kompyuta mpya kabisa anaweza kuvumilia kadi ya GB 8 kwa muda. Sisi tunaoboresha mashine za zamani kipande kwa kipande, mwaka huu kadi, mwakani prosesa, ndio tunaoumizwa kuliko wote, na ndio haohao tunaosukumiwa hizi kadi.

Najua kuna watakaokuja kusema GB 8 inatosha. Kama unacheza FC ya mpira, Counter-Strike na Valorant kwenye kioo cha 1080p, ni kweli inatosha, na sikushauri uongeze hata senti. Lakini The Last of Us Part I lilipokuja kwenye PC Machi 2023, kadi za GB 8 ziliumbuka mchana kweupe, na magemu makubwa hayajapungua uzito tangu hapo. Na hata kama ingetosha, niliagiza na kulipia 16. Hilo ndilo la msingi. Ukienda kununua gunia la mchele la kilo 100 ukapewa la kilo 50, muuzaji hawezi kukwambia "mchele ni uleule".

Lawama hazimwendei muuzaji peke yake. Mlango huu waliufungua watengenezaji, tena kwa makusudi. Aprili 2025 NVIDIA walitoa kadi mbili zenye jina moja, RTX 5060 Ti, ya GB 8 kwa dola 379 na ya GB 16 kwa dola 429. Dola 50 tu ndizo zinazotenganisha kadi utakayokaa nayo miaka na kadi itakayoanza kukukwaza mapema, halafu jina ni lilelile. Walikosa nini kuzipa majina mawili? Juni mwaka huohuo AMD nao wakafanya vilevile na RX 9060 XT, dola 299 kwa GB 8, dola 349 kwa GB 16.

Na ni mchezo wa miaka. Mwaka 2016 GTX 1060 ya NVIDIA ilikuwa ya GB 6 na ya GB 3, na ile ya GB 3 haikupungukiwa memori peke yake: hata kore (vitengo vya kuchakata ndani ya chipu) zilikatwa, kutoka 1280 hadi 1152. RTX 3060 ilitoka 2021 ikiwa na GB 12 na njia ya memori ya biti 192. Mwishoni mwa 2022 ikaletwa nyingine ya GB 8, biti 128, spidi ya memori imeshuka kutoka GB 360 hadi 240 kwa sekunde. Kwenye boksi bado ni RTX 3060. Kuna mtu hapa mjini anayo hiyo na mpaka leo anajiuliza kwa nini video za YouTube zinaonyesha FPS ambazo yeye hazipati.

Wasituambie haiwezekani kurekebisha. Septemba 2022 NVIDIA walitangaza RTX 4080 mbili, ya GB 16 na ya GB 12, chipu tofauti kabisa. Watu wakapiga kelele, ile ya GB 12 ikaondolewa kabla haijaingia sokoni. Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ikiwa imeshuka. Kelele zilisaidia kwa sababu wanunuzi wa kadi za dola 900 wanasikilizwa. Sisi wa kadi za kati, ambao ndio wengi, tunapelekwa pelekwa tu.

Mambo haya yakifika kwetu yanazidi kuwa machafu. Kariakoo unaanza na winga (dalali wa mtaani), si mwenye duka. Winga hana kadi, hajui kadi, anachojua ni kwamba umesema namba fulani na yeye atakimbia kutafuta boksi lenye namba hiyo. Humo ndimo inamopita kadi ya AMD iitwayo RX 580 2048SP. Wakuu, hiyo si RX 580 mnayoiona kwenye majaribio ya mtandaoni. RX 580 halisi ina kore 2304. Hiyo ya 2048 iliingizwa soko la China mwaka 2018 na kwa kore zake ni RX 570. Muuzaji anakata yale maneno ya mwisho, anakuuzia "RX 580". Mbaya zaidi ni zile GTX 1050 Ti bandia, ndani ni GTS 450 au GTX 550 Ti za enzi hizo, zimebadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ili Windows isome jina jipya. Ukizifungua kwenye programu ya GPU-Z inakuandikia neno FAKE mbele ya jina. Programu ni ya bure, haifiki hata MB 20. Duka linalokataa kuchomeka kadi na kuifungua GPU-Z mbele yako linakataa kwa sababu linazozijua lenyewe. Ondoka.

Kuna jamaa zangu wameniambia niiuze tu hii nichukue nyingine. Nimuuzie nani? Nimpe mwingine changa la macho nililopigwa mimi? Nikiiuza kwa ukweli wake, kwamba ni GB 8, napoteza laki kadhaa ambazo zilitokana na kazi za kuediti video za harusi, usiku baada ya usiku, kwenye mashine hiihii iliyochoka. Kadi iko kwenye boksi lake, nailoni sijaikata na sitaikata.

Ninachodai kwa wauzaji wote wa vifaa vya kompyuta ni kidogo mno. Tangazo la kadi liandikwe jina lote pamoja na GB zake. Risiti iandikwe hivyohivyo, na serial namba iliyoko kwenye boksi. Mteja akileta kadi ambayo haikufunguliwa na meseji zinaonyesha aliagiza nyingine, abadilishiwe. Kuna duka gani halali litakalofilisika kwa hayo?

Kwa mnaotaka kununua wiki hii na mashine zenu ni za PCIe 3.0 kama yangu: ipeni RX 9060 XT ya GB 16 nafasi. Inatumia leni zote 16, kwa hiyo hata kwenye mazabodi ya zamani inapata njia mara mbili ya 5060 Ti, na umeme wake ni kama wati 160 dhidi ya 180. Arc B580 ya Intel ina GB 12 na bei yake ya kutangazwa ilikuwa dola 249, lakini inahitaji mpangilio uitwao Resizable BAR (unaoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi) uwashwe kwenye BIOS ya mazabodi na inasumbuka sana na prosesa za zamani, hivyo mwenye i5 ya kizazi cha 7 aachane nayo. Mwenye zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba, OptiPlex na EliteDesk, pawa saplai yake haina hata waya wa umeme wa kadi hizi. Anzeni na hilo kabla ya kuulizia kadi.

Mimi Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani, FCC, na boksi, risiti na skrini za WhatsApp. Jina la duka silitaji hapa mpaka malalamiko yapokelewe. Kama na wewe umepewa GB 8 badala ya 16, au risiti yako imeandikwa "VGA card" tu, nitumie picha yake PM, ficha namba yako ya simu. Nataka nikifika pale nisiwe na karatasi moja. Na aliyewahi kurudishiwa hela ya kifaa cha kompyuta kupitia FCC aseme hapa alianzia dirisha gani na aliombwa nini.