Kwa nini Burda inaanza na kilio cha mapenzi?

Mwanagenzi:
Assalamu alaykum. Huisoma Burda, kasida ya Imamu al-Busiri ya kumsifu Mtume, chuoni kila wiki, lakini juzi ndipo nilipoifuata tafsiri yake beti kwa beti. Mwanzoni Mtume (s.a.w.) hatajwi. Kuna mtu tu anayeulizwa iwapo kuwakumbuka majirani wa mahali paitwapo Dhi Salam ndiko kulikomfanya achanganye machozi na damu. Je, hii ni kasida ya sifa au ya mahaba?

Mpenda Kasida:
Wa alaykumu salaam. Huo ni mlango wa kale wa kasida ya Kiarabu, nao huitwa nasibu: mshairi huwalilia kwanza walio mbali naye, ndipo aingie katika jambo lake. Al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, aliushika utaratibu huo kwa werevu, kwa kuwa anayeulizwa ni yeye mwenyewe, na anapoyakana mapenzi, machozi na maradhi yanasimama kama mashahidi waadilifu dhidi yake. Tena kabla ya hapo, umeme unaomulika gizani unatoka Idham, bonde la upande wa Madina; mpenzi, yaani Mtume, hajatajwa, lakini kwake kumeshaonyeshwa. Kutoka hapo anaigeukia nafsi, anayoifananisha na mtoto mchanga: ukimwacha atakua akilipenda ziwa, ukimwachisha ataacha.

Mzee wa Tenzi:
Naongeza la sikio. Beti zote, zipatazo 160, zinaishia kwa "mi", na ubeti wa kwanza una kina hicho katika nusu zote mbili: "salami" na "dami". Utenzi wetu nao una kamba ya namna hiyo, kwani vipande vitatu vya mizani 8 hubadili kina kila ubeti, ilhali cha nne hakibadiliki hadi mwisho. Katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni "-a". Ila tenzi nyingi hufungua kwa Bismillahi na himdi (kumshukuru Mungu), na nadhani ndiyo maana mwanzo wa Burda umekushtua.

Mwanagenzi:
Ahsanteni sana, mashekhe wangu. Sasa nimeelewa kwa nini kiitikio chetu, "Mawlaya salli wa sallim", hakigongani na beti: nacho kimo katika basit, bahari (mpangilio wa mizani ya Kiarabu) ileile ya Burda, na kinaishia "kullihimi".