Naomba ushauri: kujifunza kupanga maua kwenye madarasa madogo ya vitendo hapa Dar, nichague vipi?

TumbaLaWaridi
Habari za leo wadau. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu na maua ya kukata. Nataka kuanza na mashada ya mkononi ya sendoff na maua ya mezani, baadaye maua ya madhabahuni. Hapa Dar nimeona mafunzo ya aina mbili. Moja ni ya siku nzima, watu 20 na zaidi, mwisho mnapewa cheti. Nyingine ni Jumamosi nne, masaa matatu kila moja, watu sita tu. Ada zimepishana kidogo.

Nichague ipi, na kabla ya kulipa niulize nini? Halafu kuna jambo linanisumbua: mawaridi nayanunua yakiwa yamesimama vizuri, kesho yake yameinamisha shingo na maji yamo chomboni. La mwisho ni ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua. Wengine wanasema kazi haiendi bila hiyo, wengine wanasema niachane nayo mapema.

MkasiMkali
Mkuu, chukua Jumamosi nne. Makosa mengi ya maua hayaonekani darasani, yanaonekana nyumbani siku ya tatu: maji yamegeuka meupe, mabua yanateleza, majani ya chini yameoza. Ukiwa na Jumamosi nyingine mbele yako, unarudi na swali lako. Kwenye darasa la siku moja swali linakuja mwalimu ameshafunga mzigo wake.

Cha kwanza kuuliza: maua yanafika darasani yakiwa katika hali gani? Madarasa mengi yanakuwekea mezani maua yaliyokwisha safishwa na kunyweshwa maji usiku kucha. Unapanga, unapiga picha, unaondoka. Tafuta darasa linalokupa fungu likiwa bado limefungwa, pamoja na ndoo tupu. Sehemu kubwa ya kazi ya mpambaji iko hapo.

Uliza pia kila mtu anapata mabua mangapi. Shada la kujifunzia linataka mabua 25 hadi 30 pamoja na majani. Ukipewa 10 hutaona msokoto unavyojengeka, na msokoto ndio mfupa wa shada la mkononi. Unafanyika hivi. Toa majani yote yaliyo chini ya pale utakaposhikia, kisha panga mabua mezani kwa aina. Shika bua la kwanza wima kwa mkono wa kushoto, kati ya gumba na kidole cha shahada. La pili liweke mbele yake kwa kulilaza, kichwa kuelekea kushoto na mkia kulia. La tatu hivyohivyo, juu ya la pili. Kila ukiongeza mabua mawili matatu, zungusha shada kidogo, siku zote upande uleule. Ukichanganya mwelekeo hata mara moja mabua yanapandana, na ukikaza kamba yanavunjika. Usibane kwa nguvu. Mkono ukikakamaa vichwa vinarundikana katikati. Funga palepale uliposhika, kwa kamba ya katani au rafia, mizunguko mitatu minne, ndipo ukate mikia yote usawa mmoja.

Shada lililokaa sawa linasimama lenyewe mezani bila kuegemezwa. Likianguka, fumua uanze upya. Kwa hiyo uliza na hili: mwalimu anaruhusu kufumua na kurudia? Jibu hilo linaeleza ubora wa darasa kuliko cheti.

PembeniMwaBahari
Cheti hakina ubaya, lakini mteja wa sendoff ataomba picha za kazi zako. Piga picha ya shada siku unayolifunga na siku ya nne, mwanga uleule.

Kijani_Kigamboni
Nijibu la mawaridi. Maji yamo chomboni ila hayapandi. Bua la waridi lina mirija myembamba sana, na likikatwa likakaa nje ya maji, hewa inaingia humo na kuziba njia. Bakteria wa ndoo chafu wanaziba zaidi kutoka chini. Mawaridi mengi tunayonunua Dar yamesafiri kutoka mashamba ya kaskazini, pande za Arusha, au kutoka Kenya, kwa hiyo yanakufikia yakiwa yamekaa masaa mengi makavu. Ongeza na joto letu: jani linapoteza maji haraka kuliko bua linavyoyapandisha, na sehemu inayolegea kwanza ni ile laini chini kidogo ya kichwa.

Wakati wa kununua, bonyeza taratibu tako la ua kwa vidole viwili. Linatakiwa kuwa gumu. Angalia pia vile vijani vidogo vinavyokumbatia tumba: vikiwa bado vimelibana, ua limekatwa changa, shingo yake haijakomaa na huenda lisifunguke kabisa. Vikiwa vimeanza kujikunja kushuka chini, nunua.

Ukifika nyumbani, osha ndoo kwa sabuni na jiki, suuza. Toa majani yote yatakayozama. Miiba toa ile ya sehemu ya kushikia tu, kwa kuibonyeza upande. Ukikwangua bua zima kwa kisu unachubua ngozi na kila mchubuko ni mlango wa bakteria. Kata sentimita 2 hadi 3 kwa mshazari ukiwa umezamisha ncha ndani ya maji, hamishia kwenye ndoo mara moja. Acha kivulini masaa mawili, ikiwezekana usiku kucha. Usiweke chini ya feni. Usiweke karibu na ndizi mbivu au maembe, kwa sababu matunda yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua. Kaneshoni hasa haziistahimili.

Chakula cha maua kwa lita 1 ya maji: sukari kijiko 1 cha chakula, maji ya limao vijiko 2 vya chakula, jiki robo kijiko cha chai. Sukari inalisha ua, limao linasaidia maji kupanda, jiki inazuia bakteria. Sukari peke yake ni hasara, maana unawalisha bakteria. Kwa joto la Dar badilisha maji kila siku na ukate ncha upya.

Yaliyokwisha inama: zungushia gazeti fungu zima mpaka juu ya vichwa, kwa kubana ili shingo zinyooke. Kata ncha ndani ya maji, simamisha kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika karibu na shingo, saa moja hadi mawili. Shingo ikibaki laini baada ya hapo, ua hilo halirudi.

TumbaLaWaridi
Asante sana mkuu. Jiki na limao kuwekwa pamoja si hatari?

Kijani_Kigamboni
Vikikutana vikali, ndiyo, vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kwa hiyo maji kwanza, lita nzima. Koroga sukari na limao, jiki iwe ya mwisho, kwa kipimo kile tu, dirisha likiwa wazi. Usitengeneze mchanganyiko mzito wa kuhifadhi kwenye chupa.

Nyongeza kuhusu friji: waridi linapenda ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4, bila matunda humo ndani. Anthuriamu na helikonia ni maua ya nchi za joto, chini ya nyuzi 12 yanapata madoa meusi. Hayo yaweke chumbani kwenye kivuli, uyanyunyizie maji.

SanaaYaMadhabahu
Sponji ina nafasi yake, hasa kwa kazi kubwa ya kanisani inayotandaa pande zote na kusafirishwa. Tatizo ni kwamba watu hawafundishwi kuilowesha. Jaza ndoo, weka sponji juu ya maji, ondoa mkono. Izame yenyewe. Tofali la kawaida la sentimita 23 kwa 11 kwa 8 linakunywa karibu lita 2. Ukilisukuma kwa kidole, nje linalowa na katikati linabaki kavu. Ndiyo maana unaona maua mawili matatu yamekufa jioni na jirani zake wazima: mikia yake imeishia kwenye sehemu kavu.

Liache litokeze sentimita 3 hivi juu ya mdomo wa chombo, upate pa kuchomeka maua ya pembeni yanayoshuka. Anza na majani kuweka umbo, halafu maua marefu, kisha makubwa ya katikati. Kila bua lichomekwe mara moja, kina cha sentimita 3 hadi 4. Ukilivuta juu kidogo ili kulirekebisha, chini yake inabaki nafasi ya hewa na ua halinywi. Lichomoe, lichomeke mahali pengine. Sponji iliyokauka hairudiwi.

MajaniKwanza
Mkuu, hayo ya ulowekaji ni sahihi, lakini mwanafunzi asianze na sponji. Ni plastiki, inasagika kuwa chembechembe na haiozi. Vumbi lake kavu halifai kuvutwa puani. Shirika la bustani la Uingereza, RHS, limeikataza kwenye maonyesho yake tangu 2021. Hapa kwetu maji ya ndoo ya sponji yanamwagwa mtaroni, mtaro unaingia Msimbazi, Msimbazi unaingia baharini.

Tumia wavu wa kuku wenye matundu ya sentimita 5. Kata kipande chenye upana kama mara tatu ya mdomo wa chombo, kikunje kiwe mpira uliolegea, kiingize, kisha pitisha tepu mbili za msalaba juu ya mdomo. Bua linapita tabaka mbili tatu za waya na kukaa ulipoliweka, huku likinywa maji yenyewe. Unaweza kuchomoa na kurudisha unavyotaka, na kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa. Wavu unaoshwa na kutumika tena.

SanaaYaMadhabahu
Kwa chombo chenye kina nakubali, wavu unatosha. Kwa upinde wa mlangoni bado ni kazi ngumu, ila inawezekana kwa vichupa vidogo vya maji vilivyofungwa kwenye fremu. Na maji ya sponji yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumwagwa.

BiAsumini
Mwanangu, usiishie kwenye mawaridi ya kuletwa. Pwani hii ina vitu. Majani ya mpopoo, drasena, krotoni na monstera yanakaa wiki na zaidi kwenye maji safi, na ndiyo yanayolijaza shada bila kukumaliza mfuko. Yaoshe vumbi kwanza, yazamishe mazima kwenye beseni nusu saa. Bogainvilia inakatisha tamaa kwenye shada, inanyauka upesi.

Mwombe mwalimu Jumamosi moja iwe ya kutunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia vya kuvaa. Asumini zinachumwa alasiri zikiwa tumba, maana usiku zinafunguka. Unatumia sindano nyembamba na uzi, unachoma kwenye tako la ua, si kwenye petali, ukipanga na mrehani na mlangilangi. Kikuba chako kiweke ndani ya kitambaa chenye unyevunyevu au jani la mgomba mpaka wakati wa kuvaliwa. Kazi hiyo inafunza vidole wepesi ambao utauhitaji kwenye maua ya kifuani ya bwana harusi.

MezaNaMaua
Uliza kama kuna kipindi cha bei, wengi wanaruka. Mfano tu: shada limekula maua na majani ya 30,000, utepe na karatasi 5,000. Wapambaji wengi wanazidisha maua mara mbili na nusu hadi tatu, vifaa mara mbili, kisha wanaongeza ufundi. Kwa mara mbili na nusu ni 75,000, na vifaa 10,000, kabla ya ufundi na usafiri. Anayeanza huwa anaongeza elfu kumi juu ya gharama na kusahau maua yaliyovunjika. Nunua zaidi ya unachohitaji, angalau ua 1 kwa kila 10, na uliingize kwenye bei.

Usafiri: bodaboda haifai kwa shada, upepo unachana petali. Chukua bajaji au gari, shada likae kwenye ndoo yenye maji kina cha sentimita 5 tu, ndoo ndani ya boksi lililobanwa na magazeti. Lili zitolewe chavua kabla ya kuondoka, vile vijiti vya rangi ya chungwa katikati. Zikigusa gauni jeupe, usifute kwa maji. Bandika selotepu juu ya unga huo na uinue.

TumbaLaWaridi
Nimeelewa, naenda na Jumamosi nne. Kabla ya darasa la kwanza ninunue nini?

MkasiMkali
Ndoo mbili zenye kina, mkasi wa kupogolea, kisu kidogo kikali, kamba ya katani, mita moja ya wavu wa kuku. Waya na tepu ya kijani subiri mpaka mwalimu akuonyeshe unene, maana waya wa waridi ni mnene kwa ua dogo. Maua ya mazoezi nunua krisanthemamu, zinavumilia kufumuliwa mara nyingi. Jabera ziweke kwenye maji machache, sentimita 5 hadi 8, mabua yake yana vinyweleo na yanaoza yakizama sana. Na mkasi wa karatasi uache nyumbani, unaminya bua na kuziba mirija ileile aliyoieleza Kijani.