Muvi ikiwa na matundu kwenye hadithi, utamu unapungua au ni sisi wenye nongwa?

Mleta mada:
Wakuu, juzi nimeirudia Commando ya 1985 na mwanangu wa kidato cha pili. Arnold anamfukuza jamaa mwenye Porsche ya njano, gari linalala ubavu, bodi inabonyea. Analisukuma kwa mikono likasimama, anaondoka nalo, na sasa linang'aa kama limetoka bandarini leo. Dogo akasimamisha muvi: "Baba, hili si lilikuwa limepondeka?"

Nimeitazama hii tangu enzi za kibanda umiza, sijawahi kuona. Au niliona nikapuuza. Tulikuwa tunahesabu maiti, nani aangalie bodi ya gari!

Msimamo wangu: tundu halina neno mpaka likae pale hadithi ilipotundikwa. Ila muvi ya upelelezi inikalishe saa mbili, halafu muuaji ajulikane kwa ushahidi uliodondoka kutoka mbinguni? Hapo nimetapeliwa.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, la Porsche ni kosa la kuunganisha picha, hadithi haijaguswa. Tundu lenyewe ni la Citizen Kane ya 1941. Mzee anakufa akitamka "Rosebud", na muvi nzima ni mwandishi wa habari kusaka maana ya neno hilo. Lakini chumbani haonekani mtu, nesi anaingia baadaye. Nani alisikia? Tundu limekaa hapohapo unaposema lisikae, na bado muvi hiyo iliongoza kura za muvi bora za jarida la sinema la Sight and Sound kila miaka kumi, kuanzia 1962 hadi 2002.

Mchangiaji wa 2:
Huyo hakuitazama hadi mwisho. Mtumishi, Raymond, anasema mwenyewe alimsikia. Nusu ya matundu mnayoyapigia kelele ni watu waliokuwa wanachezea simu.

Mchangiaji wa 3:
Sisi wa muvi za kutafsiriwa tulizibiwa yote na kina Lufufu, wale watafsiri wa kuingiza sauti za Kiswahili. Picha isipoeleweka, anaongeza maneno yake, banda zima linacheka, safari inaendelea.

Mleta mada:
Wa 1, kama si Raymond ungekuwa umenibana, nakiri. Labda Kane inapona kwa sababu neno lenyewe ni kisingizio tu cha kutuzungusha kwenye maisha ya yule mzee. Kwa ya upelelezi sijalegea.

Dogo anataka tuirudie Commando Jumamosi, safari hii na daftari, ahesabu risasi.