Naomba ushauri: hinder, hamper, impede au obstruct?

Habari zenu wakuu. Naandika ripoti ya Kiingereza kwa bosi, kueleza kwa nini mizigo yetu ya Kariakoo inachelewa kufika Kimara. Mvua kubwa zikinyesha maji yanajaa Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa, magari yanazungukia mbali. Kamusi yangu kwa kila neno inajibu "zuia", basi.

Ninavyoelewa, prevent ni kuzuia kabisa, jambo halifanyiki. Hinder na hamper, jambo linafanyika ila kwa kusuasua. Hamper hiyohiyo ni kapu kubwa la vyakula, Waingereza bwana! Obstruct naiona ni ya kitu kilichokaa katikati ya njia, mfano lori bovu. Impede ndiyo inanichanganya: asili yake Kilatini, kufunga miguu, lakini kwenye ripoti ya mizigo naona inasikika kama hati ya mahakama.

Sasa barabara ilifungwa, lakini mizigo ilifika, ingawa kwa kuchelewa. Niandike obstructed kwa barabara na delayed kwa mizigo, au hampered inabeba yote? Mnaoandika ripoti kila siku nisaidieni, inatakiwa kesho asubuhi.