Tuta la kuinuliwa: mbao za mkaratusi au matofali?

Mboga_Seeta:
Habari wakuu. Nataka kujenga tuta la kuinuliwa nyuma ya nyumba hapa Mukono, Uganda, la sukuma wiki, dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya bilinganya). Ndani liwe mita 3 kwa 1.2, kimo sentimita 40. Mchwa ni wengi na kiwanja kina mteremko. Nitumie mbao za mkaratusi nizipake oili chafu, au matofali? Na nijaze nini?

Fundi_Tofali:
Oili chafu iache kabisa, ndugu. Ina metali nzito zitakazoingia kwenye udongo wa mboga, na mchwa bado watapenya kwenye nyufa. Nguzo kuukuu za umeme pia usiguse, dawa yake haifai karibu na chakula. Mkaratusi unaogusa udongo mbichi huliwa kwa ndani. Nje unaonekana mzima hadi siku unapobonyea. Kiini cha mvule huvumilia, ila ni ghali.

Jenga kwa matofali ya kuchoma. Gonganisha mawili: yakilia kama chuma yameiva, yakitoa mlio mzito yatamomonyoka kwa unyevu. Kwa tofali la sentimita 22 × 10 × 7, andaa kama 300, yatakayovunjika yakiwemo. Chimba msingi wa sentimita 15, shindilia, laza mstari wa kwanza kwa kukingamisha matofali (urefu wa tofali ukivuka ukuta), kisha jenga juu yake mistari 5. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha, kipimo 1 kwa mchanga 5. Loweka matofali kwanza, la sivyo yanafyonza maji ya rojo (mchanganyiko huo wa saruji na mchanga) na viungio vinabaki unga.

Wengi hukosea kwenye maji. Chini usimwage zege, mizizi na maji vishuke ardhini. Kwenye mstari wa chini wa ukuta acha kiungio kimoja cha wima bila rojo kila sentimita 70, na nyuma yake weka kokoto. Ukiziba, mvua ikijaa udongo unavimba na kusukuma ukuta. Ule mrefu ndio hupasuka, katikati. Kwa hiyo hapo ongeza kinguzo cha tofali kwa nje. Mwagilia ukuta siku 7 kabla ya kujaza.

Mama_Nakati:
Ujazo wake ni kama mita 1.44 za ujazo, toroli 24 za lita 60. Andaa 28, maana udongo utashuka. Changanya nusu udongo wa juu, theluthi moja samadi iliyooza, kinachobaki makapi ya kahawa yaliyokaa miezi kadhaa. Makapi mabichi huvuta naitrojeni, sukuma wiki inageuka njano ukadhani ni ugonjwa. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu. Usijaze udongo mwekundu wa chini peke yake, unakauka kama sakafu.

Mboga_Seeta:
Asanteni sana. Na mteremko je? Urefu ufuate wapi?

Fundi_Tofali:
Ukingame mteremko, usishuke nao. Pima usawa kwa bomba angavu lililojazwa maji, msingi wote uwe usawa mmoja. Upande wa chini utachimba kidogo tu, wa juu utachimba zaidi. Upande wa juu chimba mfereji wa sentimita 20, nusu mita kutoka ukutani, uyapeleke maji pembeni. Umalize kabla ya mvua za Septemba.